Baada ya Mpasuaji Kuondoka: Kamera ya Joto na Ulinzi wa Ngozi Iliyopandikizwa

Upasuaji wa kurekebisha maumbile una sehemu mbili, na sifa zote huenda kwa sehemu moja tu. Sehemu ya kwanza ni ile ya kisu: daktari mpasuaji hutwaa ngozi, pengine pamoja na mafuta na nyama iliyo chini yake, kutoka mahali penye akiba mwilini, akaihamishia mahali palipoungua, palipokatika au palipoliwa na kidonda, akaishona. Sehemu ya pili haina watazamaji. Ni zile siku tatu nne zinazofuata, hasa nyakati za usiku, ambapo kipande kile ama hupata damu na kuishi, ama hukosa damu na kufa. Maoni ninayoyatoa hapa yanahusu sehemu hiyo ya pili, na chombo kimoja kidogo ambacho bei yake sasa imeshuka hata tunaweza kukizungumzia kwa ajili ya wodi za Mafinga, wala si kwa ajili ya miji mikubwa peke yake. Chombo chenyewe ni kamera ya joto.

Yawezekana msomaji akauliza, kwa nini Mafinga? Mji huu wa Mufindi umekaa juu ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia, kiasi cha kilomita 80 kutoka Iringa na kama 250 kutoka Mbeya. Umezungukwa na shamba la miti la Sao Hill, ambalo ni kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini, na viwanda vya mbao vikubwa kwa vidogo, na mashamba ya chai. Kila kimoja kina majeraha yake. Msumeno hula vidole na viganja. Barabara huvunja miundi, na mfupa wa muundi ukishatokeza nje hauna nyama ya kuufunika kwa upande wa mbele. Baridi nayo ina majeraha yake, kwani katika miezi ya Juni na Julai, hewa ya usiku inaposhuka chini ya digrii 10 za sentigredi, watu husogelea moto, na watoto husogea karibu zaidi kuliko wote. Wakazi hawajasahau tarehe 11 Machi 2015, pale Changarawe, basi na lori la kontena vilipogongana na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Katika barabara hiyo hiyo, mjini Morogoro, mwezi Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka, likalipuka na kuua watu zaidi ya 100. Waliokufa huhesabiwa na kutangazwa. Waliobaki hai bila ngozi hesabu yao ni nadra kusikika.

Utaalamu wa kuwatengeneza watu hao una historia ndefu katika Afrika Mashariki kuliko wengi wanavyodhani. Katika miaka ya 1950 wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, wote mabingwa wa kurekebisha maumbile, walipanga chini ya mlima Kilimanjaro namna ya kuwafikia wagonjwa wa vijijini kwa ndege. Mpango huo ndio uliozaa shirika la madaktari wa ndege ambalo leo linajulikana kwa jina la Amref. McIndoe alikuwa amekwisha kujipatia sifa Uingereza, wakati wa Vita Kuu ya Pili, kwa kuwarudishia nyuso na mikono marubani walioungua. Lilikuwa wazo jema, na wengi wameokoka kwa ajili yake. Lakini lilituachia pia desturi ambayo tunaishi nayo hadi leo: bingwa huja kwa safari, hupasua kwa siku chache, kisha huenda zake. Siku hizi pengine huja kwa gari, katika zile kambi za madaktari bingwa, au mgonjwa ndiye anayesafirishwa hadi hospitali ya rufaa, kisha akarudishwa karibu na kwao jeraha lingali bichi. Kwa njia zote mbili bingwa na kazi ya mikono yake hutengana. Anayebaki na mgonjwa ni muuguzi.

Ili tuelewe muuguzi huyo anaachiwa mzigo gani, yafaa kwanza tutofautishe aina mbili za kupandikiza. Wafanyakazi wa vitalu vya Sao Hill watanielewa upesi. Mche wa msindano waweza kung'olewa ukiwa na mizizi mitupu, au waweza kuhamishwa pamoja na donge la udongo wake. Ngozi nyembamba iliyochunwa pajani na kutandazwa juu ya kidonda ni kama mche wa mizizi mitupu. Haina mshipa wake yenyewe. Kwa siku moja au mbili za mwanzo huishi kwa kufyonza majimaji ya kidonda. Baadaye kapilari za chini huungana na zake, na kufikia kama siku ya tano damu huwa inapita. Damu au usaha ukijikusanya chini yake, au ikiteleza kidogo tu, muungano huo haufanyiki. Aina ya pili ni kipande kinene kinachohamishwa pamoja na ateri yake na vena yake. Hiki tukiite kiraka, kama fundi cherehani aitavyo kipande chake cha nguo, ingawa kiraka hiki ni hai. Ndicho kinachotumika kufunika mfupa ulio wazi, kwa sababu ngozi tupu haishiki juu ya mfupa mkavu.

Kiraka hufa kwa njia mbili. Ateri ikiziba au ikibanwa, damu haiingii. Kiraka hupauka na kupoa. Vena ikiziba, damu huingia lakini haitoki. Kiraka huvimba, huiva rangi ya zambarau, na mwishowe hukosa hewa kwa kujaa damu iliyokwisha kutumika. Njia hii ya pili ndiyo ya kawaida zaidi. Mengi ya matatizo haya hujitokeza katika saa 72 za mwanzo, na yakigunduliwa ndani ya saa chache kiraka kinaweza kuokolewa. Tatizo lililoanza saa tatu za usiku likagunduliwa wakati daktari anapopita wodini asubuhi, aghalabu linabakiza kazi moja tu, nayo ni kukata kilichokufa. Kwa mwenye muundi uliovunjika, kazi hiyo yaweza kuishia kwenye kukatwa mguu.

Je, muuguzi hulindaje kiraka? Vitabu humfundisha atazame rangi, abonyeze kwa kidole na kuhesabu sekunde hadi rangi irudi, aguse kwa mgongo wa mkono apate kujua kama kina joto, na mara nyingine achome kwa sindano aone damu inavyotoka. Hizi ni mbinu nzuri, na hakuna mashine inayopaswa kuziondoa. Lakini hebu tuzitazame kwa macho yetu wenyewe. Kiraka chenye afya, vitabu vinasema, kina rangi ya waridi; kilichokosa damu huwa cheupe; kilichosongwa huwa cha bluu au zambarau. Ngozi ya nani hiyo? Waliouandika mwongozo huo waliwaandikia wauguzi waliokuwa wakiuguza wagonjwa weupe, nao hawakukosea kuhusu wagonjwa wao. Kwa ngozi nyeusi, weupe wa kukosa damu huonekana kama kijivu hafifu, na uzambarau wa kusongwa hujificha kabisa ndani ya weusi wa kawaida. Kubonyeza na kuhesabu sekunde huwa kubahatisha. Tena yote haya yanafanyika usiku wa manane, taa za wodi zikiwa zimepunguzwa ili wagonjwa wapate kulala, na muuguzi akiwa na vitanda vingine vingi vya kuangalia. Na mkono wa muuguzi aliyetoka kunawa kwa maji ya Mafinga mwezi wa Julai si kipimajoto cha kutegemewa.

Jambo hili si dogo wala si la hisia. Desemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walionyesha kwamba kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni ya damu kwa kutumia nuru kilishindwa kutambua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Kifaa hicho kilikuwa kimetumika duniani kote kwa miongo kadhaa. Chombo kinachotegemea nuru ipenyayo ngozi hakina budi kukutana na melanini, yaani ile chembechembe inayotupa rangi yetu, na melanini kazi yake ni kunyonya nuru. Sisi tunaonunua vyombo vilivyojaribiwa kwingine tuna wajibu wa kuuliza kila mara: kilijaribiwa kwa ngozi ya nani?

Hapa ndipo kamera ya joto inapostahili kusikilizwa, kwa sababu haitumii nuru ya aina hiyo. Mwaka 1800 William Herschel, mwanafalaki mzaliwa wa Ujerumani aliyeishi Uingereza, alipasua mwanga wa jua kwa prizimu ya kioo na kuweka vipimajoto katika kila rangi. Kipimajoto alichokiweka pembeni mwa nyekundu, mahali ambapo jicho halioni rangi yoyote, kilipanda kuliko vyote. Ndivyo ilivyogunduliwa mionzi ambayo wanasayansi huiita infraredi. Kila kitu chenye joto hutoa mionzi hiyo, na mwili wa binadamu haukosi. Ngozi yenye digrii 32 hutoa kiasi cha wati 480 kwa kila mita ya mraba, wakati huo huo ikipokea mionzi ya kuta na vitanda vinavyoizunguka. Ikiongezeka joto kwa digrii moja, mionzi yake huongezeka kwa asilimia 1.3 hivi. Ni kidogo, lakini hupimika.

La muhimu kwetu ni urefu wa mawimbi ya mionzi hiyo. Nuru nyekundu ina mawimbi ya mikromita 0.7. Mionzi inayotoka katika ngozi yetu ina nguvu zaidi karibu na mikromita 9 na nusu, na huko melanini haina neno. Mwaka 1934 James Hardy wa Marekani alipima na kuonyesha kwamba ngozi ya binadamu, iwe nyeupe au nyeusi, hutoa mionzi ya joto karibu sawa na kitu kinachoitwa na wanafizikia kitu cheusi kamili. Vipimo vya leo huweka kiwango hicho kwenye asilimia 98 hivi kwa watu wote. Kwa lugha nyepesi, mbele ya kamera ya joto sisi sote ni weusi. Nadhani ni mara chache sana kwamba fizikia imempendelea mgonjwa wa Mufindi kiasi hiki, na ingekuwa hasara kutoitumia.

Zamani kamera za namna hii zilikuwa kubwa, na vipokezi vyake vilipaswa kupozwa kwa naitrojeni kimiminika. Baadaye wahandisi wa Marekani walibuni kipokezi kisichohitaji kupozwa: bamba dogo mno, jembamba kuliko unywele, ambalo upitishaji wake wa umeme hubadilika kadiri linavyopata joto. Maelfu ya bamba hizo hupangwa kwenye kipande kimoja cha silikoni. Ilikuwa siri ya jeshi hadi mapema miaka ya 1990. Mwaka 2014 zikaanza kuuzwa kamera ndogo za kuchomekwa kwenye simu ya mkononi, na leo aina za kawaida hupatikana kwa dola za Marekani 200 hadi 400. Picha yake ina nukta 19,200 hivi, ambazo ni chache mno zikilinganishwa na za kamera ya simu, lakini kila nukta ni kipimajoto.

Msomaji asidanganyike na namba zinazojitokeza kwenye kioo. Watengenezaji wenyewe hukiri kwamba joto linaloonyeshwa laweza kukosea kwa digrii 3, juu au chini. Kwa kipimo hicho mtu hawezi kutenga mwenye homa na asiye nayo, kama tulivyojifunza kwa vile vipimajoto vya kuelekezwa kwenye paji la uso wakati wa korona mwaka 2020. Hata hivyo kamera hiyo hiyo hutambua tofauti ya kama sehemu ya kumi ya digrii kati ya nukta moja na nyingine katika picha ile ile. Ni kama mizani ya sokoni iliyopotoka: haikuambii uzito wa kweli wa gunia, lakini ukipima magunia mawili kwa mfuatano itakuambia bila kosa lipi zito. Basi swali la kuiuliza kamera si "kiraka kina digrii ngapi?" bali "kiraka kimepishana kwa kiasi gani na ngozi nzima iliyo jirani yake, na je, tofauti hiyo inakua?" Madaktari waliotangulia kutumia vipimajoto vya kubandikwa ngozini walizoea kuichukua tofauti ya digrii 2 hivi kuwa ni ishara ya hatari.

Kazi iliyonivutia kuliko zote katika jambo hili ilifanywa Tromsø, mji wa kaskazini kabisa mwa Norwe, mahali penye baridi kuliko Mufindi mara nyingi. Huko Louis de Weerd na James Mercer, katika maandishi waliyoanza kuyachapisha mwaka 2006, walieleza namna ya kukijaribu kiraka badala ya kukitazama tu. Walikipuliza kwa feni ya kawaida ya mezani kwa muda mfupi, kisha wakatazama kwa kamera kinavyorudi katika joto lake. Ngozi yenye damu hurudisha joto upesi, na hurudisha kwa madoadoa yanayong'aa, kila doa likiwa mahali ambapo mshipa mdogo unatoboa kutoka chini kuja juu. Ngozi isiyo na damu hurudi polepole, kwa usawa, kama jiwe linalopashwa na jua, kwa kuwa joto lake ni la kuazima kutoka katika nyama iliyo chini. Jaribio hili linajibu pingamizi kubwa kuliko yote dhidi ya kamera, yaani kwamba hata kiraka kilichokufa huwa na joto kwa sababu kimelalia mwili hai. Gharama ya nyongeza ni feni moja.

Siyasemi haya kama mchuuzi. Kamera hii ina historia ya kutia aibu. Mwaka 1956 Ray Lawson wa Montreal, Kanada, aligundua kwamba matiti yenye saratani aghalabu yana joto zaidi, na katika miaka iliyofuata picha za joto zikasifiwa kuwa zitatambua saratani kwa mamilioni ya wanawake. Hazikufanya hivyo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 huko Marekani ziliachwa katika kazi hiyo, na hadi karne hii mamlaka za huko zimelazimika kuwaonya wananchi wasizikubali badala ya picha za eksirei. Kosa halikuwa la kamera. Iliulizwa swali ambalo haikuwa na uwezo wa kulijibu. Kamera huona uso wa ngozi, basi. Haipenyi bandeji, kwa hiyo ile ngozi tupu iliyofungwa hadi siku ya tano haionekani. Haipenyi kioo. Ngozi yenye unyevu huonekana baridi kwa sababu maji yanakauka juu yake. Ngozi iliyotoka chini ya blanketi huonekana moto kwa dakika kadhaa. Kiraka chenye usaha huwaka joto zuri linaloweza kumfurahisha asiyejua. Na kiraka ambacho vena yake imeziba huweza kubaki na joto kwa muda kabla ya kuanza kupoa, kwa hiyo uvimbe bado unatakiwa kuangaliwa kwa macho na vidole.

Sasa nifikie shaka yangu kubwa, ambayo ni ya Mafinga hasa. Ile tofauti ya digrii 2 ilipatikana katika wodi zinazopashwa joto, zenye digrii 22 au 24 mchana na usiku. Tuseme wodi yetu imeshuka hadi digrii 14 alfajiri ya Julai. Mwili wa mgonjwa utaibana mishipa ya ngozi ya miguu na mikono ili kuhifadhi joto la ndani. Ngozi jirani, ile tunayoitumia kama kipimo, itapoa. Kiraka, ambacho neva zake zimekatwa wakati wa upasuaji, hakipokei amri ile kwa namna ile ile. Hivyo basi kiraka kizima chaweza kuonekana na joto kuliko jirani yake, na kiraka kinachoanza kufa chaweza kuonekana sawa na jirani yake, yaani salama. Anayenunua kamera na kuinukuu namba ya Ulaya atakuwa amempa muuguzi wa Mufindi chombo cha kumpotosha. Na baridi yenyewe, mbali ya kupotosha kipimo, inambana mgonjwa mishipa na kukipunguzia kiraka damu.

Kwa hiyo naona ununuzi wa kwanza uwe wa kipimajoto cha ukutani katika kila wodi inayolaza wagonjwa wa namna hii, pamoja na daftari la kuandika joto la wodi kila saa za usiku. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote vilivyotajwa katika makala hii. Mahali ambapo daftari litaonyesha kwamba wodi hushuka mno, fedha za kamera zingefaa zaidi kununua mablanketi na kuziba madirisha, na kamera ingoje. Wapo watakaoona hoja hii inapunguza hadhi ya sayansi. Mimi naona ndiyo sayansi yenyewe.

Baada ya hapo ipimwe ngozi nzima kabla ya ngozi iliyopandikizwa. Watu wa kujitolea, wenye afya, wa rika mbalimbali, wapigwe picha za miundi, mapaja na mikono katika wodi ya digrii 14, 18 na 22, wakiwa wamefunuliwa kwa dakika 10, kamera ikiwa umbali wa nusu mita, na upande wa kulia ukilinganishwa na wa kushoto. Kutokana na picha hizo lipatikane jedwali la tofauti za kawaida za nyanda za juu. Ndipo waje wagonjwa. Kazi hii haidai maabara kubwa. Mbeya kuna hospitali ya rufaa ya kanda, kuna chuo cha afya cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, ambacho mafundi wake hawawezi kushindwa kuunda kigoda cha kushikilia simu kwa umbali usiobadilika. Kibali cha maadili kina njia yake katika Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na kifaa kina njia yake katika Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Fedha za kuanzia ni za kiasi ambacho Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, iliyourithi utafiti wa Baraza la zamani kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1986, ingeweza kuzitoa bila ya kungoja mfadhili wa nje. Picha nazo zilindwe. Mwili wa mgonjwa ukiwa katika simu ya muuguzi ni taarifa binafsi chini ya sheria ya mwaka 2022, hata kama umepakwa rangi za njano na bluu.

Linabaki suala la nani anaamua. Nimesikia ikisemwa kwamba hakuna maana ya kugundua tatizo usiku mahali ambapo hakuna bingwa wa kuunganisha mishipa kwa hadubini. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama viraka vyote vingekufa kwa damu iliyoganda ndani ya mshipa ulioshonwa. Vingi hufa kwa sababu nyepesi: bandeji iliyokaza baada ya uvimbe, nyuzi za mshono zinazovuta, damu iliyokusanyika chini, mguu uliokunjwa vibaya ukakilalia kiraka, mgonjwa aliyepungukiwa maji mwilini au aliyepata baridi. Kulegeza bandeji, kukata nyuzi mbili, kuinua mguu, kuongeza maji na blanketi, hayo yote yako katika uwezo wa muuguzi na daktari wa wilaya. Kinachokosekana mara nyingi ni ruhusa. Muuguzi anaona, anashuku, lakini anaogopa kufungua kazi ya bingwa kwa sababu ya rangi asiyoweza kuithibitisha kwa mtu yeyote. Picha inaithibitisha. Inaweza kutumwa kwa mpasuaji aliyeko Mbeya, naye akaiona kama anavyoiona muuguzi, akasema kata nyuzi zile. Kama simu hiyo haikupokelewa, mwongozo ulioandikwa na kutiwa saini kabla bingwa hajaondoka useme ni tofauti gani, iliyodumu kwa saa ngapi, inayompa muuguzi mamlaka ya kulegeza bandeji na nyuzi bila ya kumngoja mtu. Hospitali isiyokuwa tayari kuuandika mwongozo huo isinunue kamera.

Upimaji wa ngozi nzima ungefaa kuanza mwezi Mei, vipimajoto vya ukutani vikiwa vimekwisha kufungwa, ili baridi ya Juni na Julai iwakute watafiti kazini, na joto la Oktoba na Novemba liwape upande wa pili wa jedwali kabla mwaka haujaisha.